Fidia ya Ardhi ya Chai Ikija, Jina la Nani Litaandikwa?



Kila mara tukianza kuzungumzia ardhi ya mashamba ya chai, kuna mtu atasema: "Hayo ni ya zamani, tujenge nchi." Mwingine atasema: "Wazungu walitukosea, watulipe, basi." Hawa wawili wanabishana kila siku kwenye simu zetu. Mimi nataka tuulize swali moja ambalo wote wawili wanaliruka. Hiyo fidia ikija, itaandikwa kwa jina la nani?

Nauliza hivyo kwa sababu historia ya jambo hili tunaijua. Fidia zimelipwa mara nyingi. Tatizo ni kwamba mara nyingi zimelipwa mtu asiyefaa.

Hebu tuanzie kwenye kikombe chenyewe. Waingereza walianza kupenda chai karne ya 17, ikitoka China. Karne ya 18 ikawa kinywaji cha kila mtu, hata maskini wa mjini London. Lakini walikunywa na sukari. Sukari ilitoka wapi? Ilitoka Jamaica, Barbados na visiwa vingine vya Karibi, ikilimwa na watu waliotekwa Afrika Magharibi na Afrika ya Kati wakavushwa bahari ya Atlantiki kwa minyororo. Wanahistoria waliohesabu safari za meli wanakadiria watu milioni 12 na nusu walipakiwa, na karibu milioni 2 kati yao hawakufika. Walikufa njiani, wakatupwa baharini.

Kwa hivyo kabla mche mmoja wa chai haujapandwa Kericho, kikombe cha chai cha Mwingereza kilikuwa tayari kimekolezwa kwa jasho la Mwafrika.

Sasa sikiliza mwaka 1833. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake, na likatenga pauni milioni 20 za fidia. Hizo zilikuwa pesa nyingi ajabu, karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali yao ya mwaka mzima. Nani alilipwa? Walilipwa WENYE watumwa. Mtu aliyemiliki watu 200 alipeleka orodha yake, akahesabiwa kila kichwa, akapewa pesa. Waliofanyishwa kazi hawakupata hata senti. Badala yake wengi waliambiwa waendelee kumfanyia kazi bwana yule yule, bila malipo kwa sehemu kubwa ya wiki, mpaka 1838. Na deni ambalo serikali ilikopa kulipa hiyo fidia lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Wengi wenu mlikuwa tayari mmezaliwa na mnaenda shule.

Tusijifanye hayo yalikuwa ya Wazungu peke yao. Hapa kwetu Pwani na Zanzibar kulikuwa na utumwa pia, na wenye watumwa wengi walikuwa Waislamu: Waarabu na Waswahili wenye mashamba ya karafuu, minazi na nafaka. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873 wakati wa Sultan Barghash. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na Pwani ya Kenya mwaka 1907. Nani alilipwa fidia? Mabwana tena. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi Pwani. Aliyeweza kwenda mbele ya afisa na kusema "hili ni langu" akaandikiwa. Aliyekuwa mtumwa jana, analima kipande cha mtu, hakuwa na la kuonyesha. Wajukuu wa watu hao wengi bado wanaitwa maskwota kwenye ardhi waliyozaliwa.

Kama tunataka kusema haki Kericho, lazima tuiseme na Malindi. Kijana anayekataa kuzungumzia la pili hana uzito akizungumzia la kwanza.

Turudi nyumbani.

Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake hapa Afrika Mashariki. Reli ikafika Kisumu 1901. Gharama yake ilikuwa kubwa, na serikali ikaamua walowezi ndio watakaoilipia kwa mazao. Walowezi wanahitaji ardhi, kwa hivyo ardhi ikatafutwa. Juni 1905 jeshi liliingia Sotik, ambayo leo iko kaunti ya Bomet, kwa kile walichokiita msafara wa adhabu. Watu wengi waliuawa na ng'ombe kwa maelfu wakachukuliwa. Miezi minne baadaye, tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na akapigwa risasi na afisa Richard Meinertzhagen. Koitalel alikuwa wa ukoo wa Talai, na ukoo huo ndio uliokuwa na viongozi pia huku kwa Wakipsigis.

Baada ya bunduki zikaja karatasi. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 iliruhusu serikali kumkodishia mlowezi ardhi miaka 99. Walowezi wakalalamika kwamba miaka hiyo ni michache. Mwaka 1915 sheria mpya ikawapa miaka 999. Piga hesabu: mtu aliyekodi 1915 angerudisha ardhi mwaka 2914! Na sheria hiyo hiyo ilimfanya Mwafrika awe kama mpangaji wa Mfalme kwenye ardhi ya babu yake.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ilitoa karibu ekari 25,000 hapa Kericho kwa kundi la maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Walikuja kulima kitani, mmea wa nyuzi za kufumia nguo. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa. Ungedhani ardhi ingerudi kwa wenyewe. Haikurudi. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilifika, zikachukua ardhi, zikaanza kupanda chai. Na hii James Finlay ilianzishwa Glasgow mwaka 1750, ikakua kwa biashara ya pamba, wakati ambapo viwanda vya Uingereza vilitegemea sana pamba iliyolimwa na watumwa ng'ambo ya Atlantiki. Unaona jinsi mtaji unavyosafiri? Faida ya zao moja inafungua zao lingine, bahari moja hadi nyingine.

Kwa hivyo mtu akiniuliza biashara ya utumwa ya Atlantiki inahusiana nini na Kericho, hilo ndilo jibu langu. Sisemi kilichotokea Kericho kilikuwa utumwa. Hapana, tusichanganye mambo, maana mtu akikukuta umetia chumvi mahali pamoja atakataa na yaliyo kweli. Nasema utaratibu ulikuwa wa ukoo mmoja: chukua ardhi, tafuta mikono ya bei rahisi, andika karatasi, halafu linda karatasi kuliko mtu.

Mikono ilipatikanaje? Kodi ya kibanda ilikulazimisha utafute pesa, na pesa zilikuwa kwa mlowezi. Sheria ya 1918 ikamtaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kuishi na kulisha mifugo kwenye shamba ambalo pengine lilikuwa la baba yake. Kisha kipande, kinaning'inia shingoni. Na wafanyakazi wengine wakaletwa kutoka Nyanza na Kisii, kwa sababu Wakipsigis wengi walikataa kuchuma majani ya mtu kwenye ardhi yao. Kwa muda mrefu wa ukoloni Mwafrika hata hakuruhusiwa kupanda chai yake mwenyewe. Hii chai ya wakulima wadogo tunayoiona leo Bureti na Konoin ilianza kupewa nafasi ukoloni ulipokaribia kuisha, na KTDA yenyewe iliundwa 1964.

Ukoo wa Talai ulilipa bei yake peke yake. Serikali iliwaogopa kwa sababu watu waliwasikiliza. Mwaka 1934 ikatungwa sheria maalum ya kuwaondoa, na mamia yao, wazee, wanawake na watoto, wakapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, mahali penye mbung'o na malaria. Walikaa huko karibu miaka 30. Uhuru ulipokaribia wakaruhusiwa kurudi, lakini warudi wapi? Ardhi ilikuwa imeshajaa chai. Wengine wao mpaka leo wanaishi kwenye vibanda Kericho mjini, na ukisimama mahali palipoinuka unaona ule ukijani wote, ekari kwa ekari.

Basi, tangu hapo kumefanyika nini? Yapo yaliyofanyika, tusiseme hakuna.

Katiba ya 2010, kifungu cha 65, ilisema asiye raia hawezi kumiliki ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Ile ndoto ya mwaka 2914 ikafutwa. Kifungu cha 67 kikaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Wakipsigis na Talai walipeleka malalamiko yao, na mwaka 2019 tume ikakubali kwamba walidhulumiwa. Ikapendekeza mashamba yapimwe upya na Uingereza iombe msamaha. Makampuni yakaenda kortini kupinga. Agosti 2022 walalamikaji wakapeleka kesi dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Oktoba 2023 Mfalme Charles alikuja Kenya, akaonyesha masikitiko, lakini neno la msamaha halikutoka.

Wakati huo huo, mashamba yamebadilisha mikono. Yale tuliyoyajua kama ya Brooke Bond yalikuwa ya Unilever tangu 1984, kisha yakauzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC mwaka 2022. Mwaka 2023 na 2024 kampuni ya Browns kutoka Sri Lanka ikatangazwa kuwa mnunuzi, kwanza wa mashamba ya Finlay, baadaye ya Lipton. Na katika mauzo hayo kukatangazwa kwamba asilimia 15 itatengewa jamii.

Hapo ndipo nataka tusimame, ndugu zangu. ASILIMIA 15 YA JAMII. Jamii ni nani?

Kwani neno "jamii" lina kitambulisho? Lina namba ya simu? Hisa haziwezi kuandikwa kwa jina la "jamii". Lazima ziandikwe kwa ushirika, au amana, au kampuni, na huko ndani kuna wenyekiti, makatibu na watia sahihi. Kama hatujui rejista ya wanachama ikoje, nani anaingia na kwa sharti gani, nani anawachagua viongozi na faida inagawanywa vipi, basi tuko pale pale 1833 na 1907. Aliye karibu na karatasi ndiye atakayelipwa. Aliyelala Gwassi, aliyevunjiwa nyumba, aliyezeeka na kikapu mgongoni, ataambiwa "subiri kidogo".

Sisemi kuna mtu ameiba. Sina ushahidi huo na sitaki kumsingizia mtu. Nasema mambo yakiandikwa gizani, hata mwaminifu anashukiwa. Kuandika deni wazi na kuweka mashahidi tumefundishwa tangu madrasa. Kwa nini tufanye hivyo kwa mkopo wa shilingi elfu mbili, halafu kwa ardhi ya vizazi tukubali maneno ya mkutano?

Kuna watu wawili nahofia watasahauliwa.

Wa kwanza ni mama mchuma chai. Februari 2023 BBC ilionyesha habari ambapo wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi kwenye mashamba ya chai huku walisema walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Zaidi ya 70! Wengine walisema hawakuwa na njia nyingine ya kupata au kulinda kazi. Jiulize, mtu anayemnyanyasa mama huyo ni mkoloni? Wakati mwingine ni nyapara wa kijiji chetu. Tukirudishiwa ardhi yote kesho asubuhi na nyapara akabaki vile vile, tutakuwa tumebadilisha mwenye shamba tu. Halafu kuna mashine. Mei 2023 vijana walizichoma mashine za kuchuma chai Kericho, kukawa na makabiliano na polisi na mtu mmoja akauawa. Hasira naielewa, kazi zinaisha. Lakini mashine iliyochomwa hununuliwa nyingine. Aliyekufa harudi.

Wa pili ni mfanyakazi aliyetoka mbali. Babu yake aliletwa hapa na mkoloni, akazaa hapa, akazikwa hapa. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu waliingia kwenye kambi za shamba kubwa la chai Kericho wakawashambulia wafanyakazi wa makabila mengine. Waliua, walibaka, walipora. Manusura na jamaa za waliouawa, watu 218, walikwenda mpaka mahakama za London kuishtaki kampuni, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikasema kesi haiwezi kusikizwa huko. Wao pia waligonga mlango wa haki wakaufungiwa.

Sasa, mtu akikuambia haki ya ardhi ni kumfukuza huyo mfanyakazi, mwambie hapana. Aliyetunga sheria ya 1915 hakuwa yeye. Tunadai kwa walioandika na waliofaidi, hatudai kwa aliyebebeshwa kikapu. Mkoloni alitutenganisha: huyu mwenye ardhi hana kazi, yule mwenye kazi hana ardhi. Tukipigana hawa wawili, karatasi inabaki salama kabatini.

Najua kuna swali: "Sasa mwekezaji akiogopa akaondoka, tutakula nini?" Ni swali la haki, hasa kwa aliye na watoto wanaosomeshwa na mshahara wa shamba. Jibu langu ni kwamba hatuombi chai ing'olewe. Tunaomba hesabu. Mpaka upimwe, kodi ya ardhi ilipwe inavyostahili, hisa za jamii ziwe na wenyewe wanaojulikana, mama afanye kazi bila kuogopa. Biashara inayokufa kwa kuulizwa maswali hayo ilikuwa imesimama juu ya nini?

Na wale wanaosema haiwezekani, wakumbuke 2013. Wazee wa Mau Mau walikwenda mahakama ya London wakiwa na mikongojo. Serikali ya Uingereza ilipinga miaka kadhaa, mwishowe ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 na kueleza masikitiko yake bungeni. Waliofaidika walikuwa walalamikaji 5,228. Angalia hiyo namba: 5,228. Ni watu walioandikwa majina, mmoja mmoja, na ushahidi wao. Walioteswa walikuwa wengi zaidi, lakini ambaye hakuandikwa hakuhesabiwa.

Kwa hivyo kazi yetu vijana ni hii, na haihitaji kusubiri mwanasiasa.

Moja: wiki hii kaa na mzee wako. Mrekodi kwa simu. Muulize walitolewa wapi, mwaka gani, mto gani ulikuwa mpaka, nani alizikwa wapi. Majina ya mahali ni ushahidi. Wazee wanaondoka kila mwezi, na kila mmoja anaondoka na faili yake.

Mbili: kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinakupa haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Andikeni barua, mkiwa kikundi, kuuliza mikataba ya kukodisha ardhi inaisha lini na imebadilishwa vipi. Wekeni nakala iliyogongwa muhuri.

Tatu: kikao cha kushirikisha umma kikiitishwa kwenye wadi, nendeni. Msiende kupigwa picha na kupewa soda. Ulizeni rejista ya zile asilimia 15. Ulizeni wanawake wangapi wamo kwenye uongozi, Talai wangapi, wachuma chai wangapi. Andikeni majibu na jina la aliyejibu.

Nne: mwanamke akisema amenyanyaswa kazini, asimame na watu. Asiambiwe anaharibu jina la jamii.

Tano: asiwepo hata mmoja wetu atakayeonekana na rungu kwenye mlango wa jirani uchaguzi ukija. Hata mmoja.

Mwaka 1833 mtu wa shambani Jamaica hakuwa chumbani fidia ilipoandikwa. Mwaka 1907 mtu wa shambani Malindi hakuwa chumbani. Mwaka 1934 mama wa Talai hakuulizwa, alipakiwa. Safari hii karatasi zinaandikwa Kericho na Nairobi, sisi tukiwa hai, tunajua kusoma, tuna simu mkononi. Tuwe chumbani inshallah.

Mtumie mwenzako ujumbe huu, halafu mpigie simu babu au nyanya yako leo jioni.